Njia Isiyopitwa Huota Nyasi

Katika fikira za wengi wetu, hasa sisi tuliolishwa fasihi ya Kiingereza tangu utotoni, mashamba ya Uingereza ni picha tu: mto mpole, malisho ya kijani, kondoo, mnara wa kanisa kwa mbali, na mtu anayetembea taratibu asiye na haraka wala hofu. Mwalimu huieleza picha hiyo, mwanafunzi huihifadhi kwa ajili ya mtihani, na somo huishia hapo. Ni nadra kusikia swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la msingi: mtembezi huyo anapita katika ardhi ya nani, na ni nani aliyempa ruhusa?

Swali hili si la kipuuzi. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo, Uingereza na Wales kwa pamoja zina njia za umma zinazokadiriwa kufikia kilomita 225,000. Njia hizo hupenya kati ya makonde, hukata malisho ya ng'ombe, hupita nyuma ya nyumba za watu na kuandamana na mito. Mwenye shamba anamiliki udongo. Umma una haki ya kupita juu yake. Akililima konde linalokatwa na njia ya miguu, sheria humtaka airejeshe njia katika muda wa siku 14, tena iwe na upana usiopungua mita moja. Nilipokuwa masomoni huko nilizoea kuona konde la mahindi yaliyonipita kimo likiwa limepasuliwa katikati na ujia mwembamba, na kwenye nguzo ya lango mshale wa manjano ukiashiria kwamba hapo mtu wa miguu hahitaji kubisha hodi.

Je, haki hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, ilitoka katika nyayo zenyewe. Sheria ya 1980 inaeleza kwamba watu wakiipita njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, mwenye ardhi huchukuliwa kuwa ameitoa kwa umma, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba hakukusudia hivyo. Nikiwa mwanaisimu, siwezi kuacha kuuona mshabaha uliopo hapa. Neno haliumbwi na kamusi. Huzaliwa vinywani mwa watu, nayo kamusi huja baadaye kulisajili. Ndivyo ilivyo njia: nyayo kwanza, ramani baadaye.

Lakini nyayo peke yake hazikutosha. Kuanzia karne ya 18 hadi ya 19, Bunge la nchi hiyo lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa zikitumiwa na wanakijiji kwa pamoja. Malisho yakapotea, na vijia vingi vikazibwa. Mshairi John Clare, mwana wa kibarua aliyezaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, aliyashuhudia hayo kwao, kwani sheria ya kuizungushia ua ardhi ya kijiji hicho ilipitishwa mwaka 1809. Uchungu huo umeenea katika mashairi yake. Lugha yetu ina ua linalochanua na ua unaozuia; mwanafunzi anayefundishwa ua la kwanza katika Clare bila huo wa pili amefundishwa nusu ya mshairi.

Wapo watakaosema kwamba kutembea kwa kujiburudisha ni anasa ya walioshiba. Historia inawasuta. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, waliupanda mlima Kinder Scout, ambao wenyewe waliufunga kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Kuingia katika ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai, kwa hivyo walishtakiwa kwa fujo na mengineyo, na watano wakafungwa jela. Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, ilipitishwa sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi za njia za umma. Eneo la mlima huo likawa ndani ya hifadhi ya kwanza, mwaka 1951.

Hata njia za kando ya mito, ambazo zaonekana kama zilizochorwa na maumbile, zina kisa chake. Kando ya mto Thames walipita farasi waliokokota matishari. Ilipolazimu njia ihamie ng'ambo, farasi walivushwa kwa vivuko. Biashara hiyo ilipokufa, vivuko navyo vikafa, na njia ikabaki vipande vipande. Ilibidi madaraja ya miguu yajengwe, kama lile la Temple la mwaka 1989, ndipo njia ya Thames, yenye urefu wa takriban kilomita 300, ikafunguliwa rasmi mwaka 1996. Utulivu anaoufurahia mtembezi wa leo ni kazi ya watu waliodai, wakaandika, wakajenga.

Sikatai kwamba wenye mashamba nao wana malalamiko ya haki. Kuna watembezi wanaoacha malango wazi na mbwa wanaofukuza kondoo. Haki bila adabu huchosha jirani. Lakini dawa ya utovu wa adabu ni mafunzo, wala si kufuli.

Na kisa hakijaisha. Sheria ya mwaka 2000 iliweka kikomo cha 2026 kwa njia za kale ambazo hazijaandikwa katika ramani rasmi: njia ambayo isingesajiliwa kufikia wakati huo ingeweza kupotea. Mwaka 2023 kikomo kilisogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba itakifuta. Katika miaka hiyo yote watu wa kujitolea walikuwa wakipekua ramani kuukuu, wakitafuta ushahidi wa vijia walivyopita mababu zao. Walijua kwamba haki isiyoandikwa huhitaji shahidi, na mashahidi hufa.

Walimu wenzangu, tunapowasomea wanafunzi habari za mto na malisho ya Uingereza, tuwaonyeshe pia lango, mshale na ua. Nanyi wanafunzi, msiisome mandhari kama pambo. Ulizeni nani alikuwa na mali, nani alizuiwa, na nani alipita hata hivyo. Haki ya umma, iwe ya njia au ya lugha, hudumu maadamu kuna wanaoitumia kila siku na wanaoiandika kabla haijasahauliwa. Ikikosa hao, nyasi hazichelewi.