Wi-Fi imezimwa tu, usikubali kupigiwa Windows

Kuna tabia sisi mafundi wa kompyuta inabidi tuiache, na mteja ana haki ya kuikataa. Laptopu ikigoma kushika Wi-Fi, fundi anaitazama kidogo, anatikisa kichwa, anasema, "Hii ni ya kupiga Windows," yaani kuisakinisha upya. Mteja anakubali kwa kuwa hajui la kujibu. Jioni anailipia na kuichukua, na akifika nyumbani anakuta picha na kazi zake zote zimefutika.

Meza yangu ya ufundi iko Morogoro, na wateja wangu wengi ni walimu na wanachuo wenye laptopu za mtumba. Mwaka huu alikuja binti anayesomea uuguzi. Alishapigiwa Windows kwingine, sura mbili za utafiti wake zikapotea, na Wi-Fi bado haikuwaka. Ilikuwa ThinkPad ya zamani, zile zenye swichi ubavuni. Nikamwambia apapase mwenyewe ubavu wa kulia. Kidole kikagusa swichi ndogo, akaisukuma, na majina ya mitandao ya jirani yakaanza kujipanga kwenye kioo. Akakaa kimya akiiangalia, halafu akaniuliza, "Kaka, na zile sura zangu je?" Nilijaribu kuzitafuta. Hazikupatikana.

Ndiyo maana nasema iangaliwe kwanza kama Wi-Fi imewashwa. HP nyingi zina kitufe chenye alama ya mnara: taa yake ikiwa ya rangi ya chungwa, Wi-Fi imezimwa, ikiwa nyeupe au bluu, imewashwa. Baadhi ya Dell hutumia F2, pengine pamoja na Fn. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, kuna pia hali ya ndegeni, ambayo mtoto anaweza kuiwasha kwa mbofyo mmoja. Na ikigoma bado, nawe una Windows 10 au 11, usiizime kompyuta tu. Chagua kuiwasha upya. Ukiizima kawaida, mara nyingi sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kesho iwake haraka, na hitilafu nayo huhifadhiwa humo humo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kupiga Windows kwenyewe kunaweza kuizima Wi-Fi. Windows mpya isipokuwa na draiva ya kadi yako ya Wi-Fi, kompyuta haitaona mtandao wowote, na draiva yenyewe inapatikana kwenye intaneti. Hapo chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, kompyuta itatumia bando la simu kupakua draiva. Na kama simu inaliona jina la ruta yako lakini laptopu ya zamani hailioni, huenda ruta inarusha kwa 5 GHz peke yake wakati kadi yako inajua 2.4 tu. Hiyo inarekebishwa kwenye ruta.

Wenzangu watasema fundi naye anakula kwa kazi yake. Kweli, na mimi nina kodi ya fremu. Basi tutoze fedha ya kuangalia na tuiite hivyo hivyo. Kadi ikiwa imekufa, au vile vinyaya vyembamba vya antena vimechomoka, hiyo ni kazi ya bisibisi na ina malipo yake halali. Ila hakuna fundi anayepaswa kufuta diski ya mtu kabla ya kumuuliza kazi zake amezihifadhi wapi, na kumnakilia kama hajazihifadhi popote.

Wauzaji wa laptopu za mtumba nao wana sehemu yao. Wamwashie mnunuzi Wi-Fi palepale dukani, wamwoneshe swichi ilipo, kisha wamwache aizime na kuiwasha kwa mkono wake kabla hajatoa fedha.