Aliyejiuzulu Si Lazima Awe Mkosaji

Waziri akitangaza kujiuzulu, hukumu yake hutoka kijiweni kabla taarifa ya habari ya saa mbili usiku haijafika kwenye michezo. Kala huyo. Asingekuwa na lake jambo, angekaa. Mwenye huruma kidogo huongeza kwamba, masikini, kisiasa ndiyo basi tena, arudi kwao akalime. Tumeamini hivyo kwa miaka mingi: kujiuzulu ni kukiri kosa, tena ni kujichimbia kaburi. Yote mawili ni uongo, na ni uongo unaotugharimu.

Tuanze na Ali Hassan Mwinyi. Mwalimu wa shule, Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu Zanzibar baada ya Mapinduzi, Waziri wa Afya, kisha mwaka 1975 Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka uliofuata, polisi na maofisa wa usalama waliendesha msako mkubwa Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi, wengi wao vikongwe. Nia haikuwa mbaya. Lakini mahabusu waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwinyi hakumgusa mtu. Hakuwapo kwenye vyumba hivyo. Januari 1977 alijiuzulu, na pamoja naye akajiuzulu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyesimamia usalama, na wakuu wa mikoa hiyo miwili.

Kwa mantiki ya kijiweni, Mwinyi alikiri. Alikiri nini? Hakukiri kutesa. Alichokubali ni kwamba polisi wale walikuwa wake, na kwamba mtu aliyekufa chini ya ulinzi wa polisi ana haki ya kuona mkubwa wa polisi akiondoka kitini. Waliotesa walikuwa na njia yao nyingine, ya mahakamani. Maofisa walishitakiwa na wapo waliofungwa. Hapo ndipo uzuri wa jambo lile ulipo. Siasa ilifanya kazi yake na sheria ikafanya yake, wala moja haikujidai kuwa badala ya nyingine.

Na kaburi je? Mwinyi alipelekwa Misri kuwa balozi. Mwaka 1982 alikuwa waziri tena, wa Maliasili na Utalii. Januari 1984, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alipolazimika kuachia ngazi na Zanzibar ikiwa imechafuka, aliyetafutwa kuituliza alikuwa yeye. Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano kwa miaka kumi. Wanaomlaumu wana mengi ya kushika: Azimio la Zanzibar la 1991 lililowafungulia viongozi milango ya biashara, na misamaha ya kodi iliyowafanya wafadhili wazuie misaada mwaka 1994. Ila hata mkosoaji wake mkali haanzii Shinyanga. Alipofariki Februari 29, 2024 na kuzikwa Mangapwani, kujiuzulu kule ndiko kulikotajwa kama fahari yake.

Najua nitajibiwa kwamba chama kilimbeba mtu wake, na kwamba zama za Nyerere zilikuwa zama nyingine. Basi tuje karibu.

Februari 7, 2008, bungeni Dodoma, Edward Lowassa alibwaga manyanga ya uwaziri mkuu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha walifuata, Baraza la Mawaziri likavunjika. Lakini msikilize Lowassa alivyoondoka: alilalamika kwamba Kamati ya Bunge ya Harrison Mwakyembe, iliyouchunguza mkataba huo, haikumhoji. Hakusema amebeba mzigo wa walio chini yake, alisema ameonewa. Sisi tukamweka kapu moja na Mwinyi, eti wote ni “waliojiuzulu”, ilhali mmoja alikuwa anawajibika na mwingine alikuwa anapinga hukumu.

Kilichofuata ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Kwa kuwa tulishaamini kujiuzulu ni kukiri, tukaona kazi imekwisha. Lowassa hakupandishwa kizimbani hata siku moja kwa suala la Richmond, si kutiwa hatiani wala kusafishwa. Septemba 2007 chama cha upinzani cha Chadema walikuwa wamelitaja jina lake hadharani pale Mwembeyanga, Temeke, katika orodha yao ya mafisadi. Julai 2015 walimpokea, wakamfanya mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na Watanzania zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40 ya wapiga kura, wakampa kura. Ama fisadi alipigiwa kura na watu milioni 6, ama mtu asiye na hatia alitukanwa miaka saba. Amefariki naye, Februari 10, 2024, wiki tatu kasoro kabla ya Mwinyi, na hakuna mahakama iliyotuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Hapo sasa gharama inaonekana. Mwenye hatia akijiuzulu, anaponea hapo hapo, maana umma umeshatosheka na barua yake. Asiye na hatia anang'ang'ania kiti, maana anajua akisimama tu ameshaitwa mwizi. Tumetengeneza utaratibu unaomfaa mkosaji na kumtisha muungwana, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayejiuzulu.

Jirani zetu hawako mbali na sisi. Julai 2008 Amos Kimunya, Waziri wa Fedha wa Kenya, alibanwa kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency, akasema hadharani kuwa ni heri afe kuliko kujiuzulu. Siku chache baadaye alikaa pembeni kupisha uchunguzi. Hakufa. Januari 2009 alikuwa waziri tena, safari hii wa Biashara.

Mjuzi wa mambo atanirushia Khamis Kagasheki. Desemba 2013, Bunge lilipopokea ripoti ya unyama uliofanywa katika Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili, Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama mle mle ukumbini akatangaza kujiuzulu. Mwaka 2015 akapoteza ubunge wa Bukoba Mjini. Ni kweli, alipoteza. Lakini Bukoba ilikuwa na ugomvi wake wa halmashauri, wa meya na madiwani, uliokuwa ukiwaka kabla mtu hajaisikia Tokomeza, na mwaka huo upepo wa upinzani uliwang'oa wengi ambao hawakuwahi kujiuzulu chochote. Mwangalie na mwenzake wa siku ile ile. Emmanuel Nchimbi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakujiuzulu. Uteuzi wake ulitenguliwa. Akawa balozi Brazil, kisha Misri, Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM, na tangu Novemba 2025 ni Makamu wa Rais. Ikiwa hata kutenguliwa, ambako ndiko kuaibishwa hasa, hakumziki mtu, mnayemtisha kwa kaburi la kujiuzulu ni nani?

Sisemi kila anayejiuzulu ni shujaa. Nasema barua ya kujiuzulu isomwe kwa kilichoandikwa ndani yake, na uchunguzi uanze siku hiyo badala ya kuishia siku hiyo.

Julai 18, 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hamad Masoud Hamad, waziri wa Zanzibar aliyekuwa na dhamana ya usafiri, alijiuzulu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, hatua chache kutoka gatini. Bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, ilivunjwa. Waziri alibaki, na watu wazima wenye akili zao waliuliza ajiuzulu kwa lipi, kwani ndiye aliyeshika usukani? Hamad Masoud naye hakuushika.