Pamba Yetu Isiishie Kwenye Robota



Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilibeba nguo za merikani, na jina hilo lenyewe latuambia zilikofumwa. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani, nguo za wageni zikaja bara. Leo wakulima wa Igunga na Nzega wanalima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi tu. Tusipoamka mapema, yatatupata tena yale ya merikani, na safari hii tutanunua machujio ya maji.

Huenda ukauliza, pamba na chujio vinahusianaje? Karibu sehemu 90 katika kila 100 za nyuzi za pamba ni selulosi. Ikisagwa sana kwa mashine, au ikitiwa asidi kali, hutoa vinyuzi vyembamba mno viitwavyo nanoselulosi. Upana wake hupimwa kwa nanomita, na katika milimita 1 mna nanomita 1,000,000. Selulosi peke yake huvimba majini na huoza, kwa hiyo huchanganywa na polima ili ipate nguvu. Hapo hupatikana utando wenye matundu madogo kuliko mdudu wa kipindupindu: maji hupita, mdudu hubaki. Tando za namna hii hujaribiwa pia ndani ya betri, kuzuia ncha zake mbili zisigusane.

Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini Tabora kwa bomba, nasi tunashukuru. Lakini wako wanavijiji ambao bado huteka maji katika malambo na visima vya kienyeji. Mama zetu huyachuja kwa kanga, wala tusiwacheke. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Bangladesh: katika vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, kipindupindu kilipungua karibu nusu. Ikiwa kitambaa chaweza hayo, utando wafaa kutafutwa kwa bidii.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya maabara za Ulaya. Mimi sikubali. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitengeneza chujio la mchanga na chembe za nano, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alianza na shida iliyokuwa karibu naye, yaani floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja huharibu meno, na ikizidi sana hupinda mifupa. Floridi iliyoyeyuka hupenya hata katika utando wa matundu madogo, isipokuwa utando umetiwa kitu cha kuinasa. Kumbe kazi ingalipo, na visima vyenye floridi viko Shinyanga na Singida, jirani zetu.

Tena hatuna haja ya kutumia pamba safi. Baada ya mavuno miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili kuua wadudu. Miti hiyo nayo ina selulosi, na mkonge wa Tanga vilevile. Tunachoma mali.

Basi naomba mambo mawili. Vyuo vyetu vikuu vipewe fedha za kuchunguza mabaki ya pamba na mkonge kabla wengine hawajatuuzia kilichotoka shambani mwetu. Na sisi wanafunzi tusiikimbie kemia kwa kuogopa hesabu zake. Tuanze na mchanga, mkaa na pamba katika maabara yetu, tupime maji kabla na baada ya kuchuja, na kuandika tunachokiona. Anayengoja mitambo mikubwa ndipo aanze, hataanza kamwe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne