Bima Imekwisha, Deni Limebaki



Juma hili tulitembelewa na muumini mmoja, baba wa familia na mtu wa heshima zake. Hakuja kuungama, alikuja kuomba ushauri, naye ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya bila kumtaja. Jioni moja, akitoka njia ya vumbi kuingia barabara kuu, hakutazama vizuri, akamgonga kijana wa bodaboda. Kijana alivunjika mguu. Bima ya gari ilikuwa imekwisha miezi miwili kabla, na fedha ya kuikata upya ilikwenda kwenye ada ya shule. Alimkimbiza majeruhi hospitalini, na kwa hilo tunamsifu. Lakini usiku uleule alimsihi kijana wasifike polisi, akamwachia shilingi laki mbili, wakaagana. Tangu hapo hapati usingizi. Rafiki zake wamempa mashauri mawili: anyamaze, kwani wameshamalizana, au akakate bima sasa, kisha adai kuwa ajali ilitokea baadaye.

Shauri la pili lisitupotezee muda. Huo ni wizi, na wanaoibiwa ni wale wote waliolipa bima zao kwa uaminifu. Tena stika za siku hizi ni za kielektroniki, zina tarehe zake. Asiyemwogopa Mungu basi na aiogope kompyuta.

Shauri la kwanza ndilo lililotusumbua, kwa sababu limevaa sura ya amani. Vijana wengi wa bodaboda hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kinachobaki ndicho unga, mkaa na kodi ya chumba. Mguu uliovunjika huhitaji miezi, si majuma. Laki mbili zitafika wapi? Na kwa kuwa hawakufika polisi, hakuna PF3, hakuna mchoro wa ajali, hakuna andiko lolote. Mfupa ukiunga vibaya, kijana hana pa kushika. Tunathubutu kusema kwamba maelewano yaliyofanyika kando ya kitanda cha hospitali, mmoja akiwa na pochi na mwingine akiwa na maumivu, hayakuwa maelewano.

Wengi wetu huiona bima ndogo kama karatasi ya kumnyamazisha askari wa trafiki. Sivyo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari kuwa na kinga kwa ajili ya mtu wa tatu, na kinga hiyo haitakunyooshea bampa lako. Ni fungu lililotengwa kwa ajili ya jirani ambaye bado hujamgonga. Fungu hilo lisipokuwapo, deni linarudi lote mlangoni kwa aliyegonga. Hata faini ya mahakama haililipi, maana faini huingia serikalini, haifiki kwenye mguu wa kijana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba hata aliyekwisha kuondolewa dhambi bado anawajibika kufidia madhara aliyomtendea jirani kadiri awezavyo. Zakayo aliitaja hesabu yake kwa sauti, mbele ya watu, kabla hajadaiwa.

Basi tulimshauri aende polisi kwa miguu yake, aeleze yote, pamoja na habari ya bima, na akubali sheria ichukue mkondo wake. Aonane kwanza na mwanasheria. Wapo wanaotoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Kisha aketi na ndugu wa kijana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yaandikwe: matibabu hadi mwisho, matengenezo ya pikipiki, hesabu ya mwenye chombo, na posho ya nyumbani mpaka kijana arudi kazini. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo kwa tarehe zinazojulikana.

“Baba, hata kuuza gari?” aliuliza. Tulimjibu kwamba gari lililomvunja mtu mguu halistahili kuwa kitu cha mwisho kuguswa.

Hofu yake si ya kitoto. Ana watoto watatu, na hatukuweza kumwahidi kwamba atapokelewa kwa upole kituoni. Tulimwahidi tu kwamba hatakwenda peke yake. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Huduma ya Kichungaji kwa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa amri kumi za madereva, na mojawapo inaagiza kwamba dereva mkosaji na aliyeumizwa wakutanishwe kwa wakati ufaao ili wapate kusameheana. Kijana yule ni Mwislamu, na wazee wa pande zote mbili wamekubali kuwapo. Watakutana Jumamosi, kituoni kwanza, halafu nyumbani kwa mama yake.

Alipoondoka tulitoka nje kutazama stika ya gari la parokia. Zilikuwa zimebaki siku tisa.