Kabla ya bunduki kuna kalamu

KAULI YA ALHAMISI
Na Rehema Mwachiro

Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa nyumbani kwa babake huko Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akasafirishwa hadi Nairobi, akatiwa seli katika Kituo cha Polisi cha Central. Hakuiona alasiri ya siku ya pili. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajitii mwenyewe, na siku chache baadaye Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti kuomba radhi kwa taarifa ile ya ukuta. Kesi ya mauaji ingali mahakamani na washtakiwa wamekana, kwa hiyo sitaigusa. Ninachokishika ni kimoja tu: wachunguzi wa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, walipofika kituoni, walikuta mitambo ya kamera imechezewa.

Fikiria ni mambo gani yaliyokuwa yakitafutwa katika kamera zile. Nani aliingia seli, saa ngapi, kwa ruhusa ya nani. Hayo yote kituo cha polisi kinapaswa kuwa nayo kwa maandishi, kwa wino, hata kama umeme umekatika nchi nzima.

Tukizungumzia polisi katika nchi hii tunapenda mambo makubwa. Helikopta, magari ya kurusha maji, kikosi kilichopelekwa Haiti Juni 2024. Mimi naona polisi wa nchi wanajulikana kwenye meza ya ripoti, pale penye kaunta ya mbao iliyochakaa na kitabu kikubwa cha matukio ambacho kila Mkenya anakiita OB. Asubuhi yoyote utamkuta hapo mama aliyevimba jicho, kijana wa bodaboda aliyeibiwa pikipiki, mzee anayelalamika kuhusu mpaka wa shamba. Nyuma ya kaunta kuna afisa mmoja mwenye kalamu. Akiandika, malalamiko yako yana nambari, na yenye nambari yanaweza kufuatwa hadi kortini. Asipoandika, hukufika kituoni.

Na njia za kutoandika ni nyingi. "Nendeni mkasikizane nyumbani." "Rudi kesho, mwenye kesi yako hayuko zamu." "Gari lipo ila halina mafuta," kisha kimya kirefu, nawe unajua kimya hicho kinangoja nini. Fomu ya P3, ya kurekodi majeraha, haina malipo, lakini mwanamke aliyepigwa hutumwa saiba akaichapishe mwenyewe, damu haijakauka. Hayo hayafiki kwenye habari za saa moja kwa sababu hayana maiti.

Kalamu hiyohiyo ndiyo inayomlinda anayeletwa kwa pingu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kisheria saa hizo huanza mtu anapokamatwa. Kituoni huanza anapoandikwa. Asiyeandikwa anaweza kukaa siku nne na saa yake haijaanza kuhesabu, na jamaa zake wakija wataambiwa, bila aibu yoyote, kwamba hapa hayuko.

Tunaujua mwisho wa njia hiyo. Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, aliyekuwa amemshtaki afisa wa polisi aliyempiga risasi, na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri. Walitekwa, wakazuiliwa ndani ya kontena katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau. Humo Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni, akakirusha nje, akimwomba atakayekiokota ampigie simu mkewe. Miili yao ilipatikana mtoni. Mahakama ilichukua zaidi ya miaka sita hadi Jaji Jessie Lessit alipomhukumu kifo afisa huyo, Fredrick Leliman, Februari 2023. Mtu aliyekamatwa kihalali, akaandikwa kitabuni, hana haja ya kurusha karatasi dirishani. Mkewe angepigiwa simu ya kituo.

Kwa nini basi kitabu hiki kinadharauliwa hivi? Nadhani jibu liko katika kazi ya kwanza waliyopewa askari hawa. Kabla ya kuitwa Kenya Police mwaka 1920 mizizi yao ilikuwa askari wa kampuni ya Waingereza, waliokuwa wakilinda bidhaa zake na njia za misafara. Mashambani kulikuwa na askari kanga, waliotembea na chifu wakati wa kodi. Hakuna kati yao aliyeajiriwa amsikilize mama mwenye jicho lililovimba. Uhuru ulipofika tuliwarithi walivyo, na wakubwa wapya wakaona wanafaa vilevile. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. 405 kati yao walikufa kwa risasi, na tume haikuficha kwamba polisi walihusika pakubwa.

Mageuzi yalikuja, nayo si haba. Katiba ya 2010 ilifuta jina la jeshi na kuleta huduma. Sheria za 2011 zikaunda IPOA na kuwaweka polisi wa kawaida na wa utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Mwaka 2018 tukaletewa sare ya buluu, tukaicheka wiki nzima. Lakini ripoti zote za mageuzi ya polisi, tangu ile ya Jaji Ransley ya 2009 hadi ya Jaji Mkuu mstaafu Maraga ya 2023, zinaishia kwenye kaunta ileile, kwa afisa yuleyule.

Msomaji wangu mmoja, mke wa polisi, ataniambia nimesahau upande wa pili. Sijasahau. Maafisa zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012, walipotumwa kufuata mifugo iliyoibwa bila maandalizi yoyote ya maana. Wengi wanalea watoto katika vibanda vya mabati. Na tazama tunavyowachagua: kijana anakimbizwa uwanjani, anapimwa urefu, anafunguliwa kinywa akaguliwe meno. Hakuna anayempa kalamu na kumwambia aandike taarifa ya mtu anayelia. Ikiwa juu ya hayo wazazi wake waliuza ng'ombe ili apate nafasi, ataanza kazi akiwa na deni, na meza ya ripoti ndiyo mahali pa kwanza pa kulilipia.

Serikali inatuahidi OB ya kidijitali. Nzuri, ingawa kamera za Central nazo zilikuwa za kidijitali. Hoja ni nani anayekishika kitabu. Waingereza, waliotuletea kitabu chenyewe, waligundua kwao kwamba anayekamata na kuhoji hafai kuwa mlinzi wa aliyekamatwa. Sheria yao ya 1984 inamtaka kila aliyewekwa seli awe chini ya afisa wa mahabusu, wa cheo cha sajini au zaidi, asiyehusika kabisa na uchunguzi wa kesi hiyo. Ni yeye anayeandika saa ya kuingia, chakula, daktari, wakili, na jina la kila aliyemtoa mshukiwa seli. Mambo yakiharibika, swali la kwanza linamwendea yeye kwa jina lake.

Hapa kwetu marekebisho ya sheria ya 2011 yangetosha kuleta afisa kama huyo, asiripoti kwa mkuu wa kituo (OCS), na kumpa kila mlalamishi nakala ya alichoandikiwa badala ya nambari iliyochorwa kwenye kipande cha gazeti. Gharama yake ni sajini mmoja kwa zamu. Watakaopinga, nakadiria, hawatataja fedha. Watasema kazi ya polisi itakwama ikiwa kila kitu lazima kiandikwe, nami ningependa sana kuwasikia wakiitaja kazi hiyo, mbele ya kamati ya Bunge, huku karani akiandika.