Tope la maji taka: Tuanzie kiwandani kabla ya kununua matangi

KILA mradi wa maji taka unapozinduliwa nchini, wakuu hutuhesabia kilomita za mabomba na idadi ya nyumba zitakazounganishwa. Ni nadra kumsikia yeyote akieleza litakakopelekwa tope linalobaki, ilhali hapo ndipo kazi ngumu huanzia.

Maji yanayosafishwa Ruai huingia Mto Nairobi, yakafuata Athi na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi kupitia Sabaki. Tope haliendi popote. Hutuama chini ya mabwawa na, lisipochotwa, hupunguza kina hadi maji yapite kabla hayajasafika.

Kwingineko wahandisi hulitia tope katika matangi yasiyoingiza hewa ili bakteria walivundishe na kutoa methani, gesi ambayo ni kawi. Tatizo ni mwendo wake wa kobe. Katika joto la nyuzi 35 hivi, shughuli hiyo huchukua takriban siku 20 au zaidi, na mara nyingi karibu nusu ya uchafu unaoweza kuoza husalia. Katika mitambo inayofuata mbinu iliyobuniwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914, sehemu kubwa ya tope ni miili ya bakteria wenyewe waliokula uchafu, na kuta za seli zao hazivunjiki kwa urahisi.

Ndiyo sababu wataalamu wanapendekeza tope litayarishwe kwanza kwa njia ya kibayolojia. Hutangulizwa katika tangi dogo lenye joto la nyuzi 55 hivi kwa siku mbili au tatu. Humo, bakteria wapendao joto hutoa vimeng'enya vinavyozilainisha kuta hizo, kisha uji unaopatikana huelekezwa katika tangi kubwa. Gesi huongezeka, tope la mwisho likapungua. Mvuke wa shinikizo kubwa hufanya kazi iyo hiyo, ila mitambo yake ni ghali.

Kwetu sisi, faida kubwa si gesi. Joto hilo, likidumu muda wa kutosha, huua mayai ya minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2006 uliweka kikomo cha yai moja kwa kila gramu ya tope kavu linalotiwa shambani. Ajuaye bei ya mbolea ya dukani hatashangaa kwa nini mkulima wa sukuma wiki hulitamani tope hata lisipotimiza kiwango hicho.

Hata hivyo, dawa hii haifai kila mahali. Tope lililolala bwawani au katika shimo la choo kwa miaka limekwisha kuoza. Gesi yake ni haba. Mitambo kama ule wa Kariobangi, ulioanzia miaka ya 1960, ndiyo ingefaidika, kwa kuwa tope hutengwa likiwa bichi.

Isitoshe, hakuna kimeng'enya kinachokula risasi wala kromi. Kadiri tope linavyopungua, ndivyo madini hayo yanavyokolea katika kile kinachosalia, na hatimaye katika udongo wa mkulima. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka viwango kwa wenye viwanda wanaomwaga maji taka katika mabomba ya umma. Pasipo kupima kinachotoka katika kila kiwanda cha ngozi na cha rangi, tangi jipya litatuzalishia mbolea isiyo na minyoo ambayo hakuna anayepaswa kuitia shambani.