Mechi ya Sudan haikuwa ya kukamilisha ratiba

Hoja mnaijua, maana imezunguka Masisi na Walikale tangu Oktoba 2025: mechi ya mwisho ya kundi la kufuzu Kombe la Dunia 2026, Leopards wetu wa DR Kongo dhidi ya Sudan mjini Kinshasa tarehe 14 mwezi huo, eti ilikuwa ya kukamilisha ratiba tu. Hapa Muheto mpira tunausikiliza zaidi redioni. Labda ndiyo maana matokeo hukumbukwa na jedwali husahauliwa. Basi shikeni kalamu, nanyi muamue.

Wanasema nafasi ya pili tulishaikamata. Kweli kabisa: tulikuwa na pointi 19, na Sudan isingeweza kutufikia. Ila wanaishia hapo, kana kwamba nafasi ya pili ilikuwa tiketi. Makundi yalikuwa tisa, na waliokwenda mchujoni Rabat ni washindi wa pili wanne tu. Tena, kwa kuwa Eritrea ilijitoa na kuacha kundi moja na timu tano, mechi dhidi ya timu ya mkiani ya kila kundi zilifutwa katika kuwalinganisha. Mkiani kwetu ilikuwa Sudan Kusini. Pointi sita zikayeyuka, pamoja na mabao manne ya Juba. 19 zikawa 13. Burkina Faso ilishamaliza siku mbili kabla, ikiwa na 15. Sare ingetupa 14. Tulishinda 1-0, tukafika 16, na Burkina Faso ikabaki nje.

"Kila mechi ni pointi tatu, iwe ya mwanzo au ya mwisho." Hii ina uzito. Kipigo cha 1-0 kutoka kwa Sudan hiyo hiyo, Novemba 2023, kilitugharimu kuliko wengi wanavyokiri: tungeshinda siku ile, tungemaliza na 25 dhidi ya 24 za Senegal, walioongoza kundi. Lakini usawa huo uko wapi, ikiwa ushindi wa 4-1 kule Juba uligeuka sifuri, na ule mwembamba wa Kinshasa ukabaki na thamani yake yote?

Midomo hiyo hiyo hutuambia kwamba tuliisha Septemba 9, 2025, Senegal ilipotoka nyuma 2-0 ikashinda 3-2, Pape Matar Sarr akifunga dakika ya 87. Wachague moja. Kama mechi zote ni sawa, hakuna moja inayoweza kutumaliza peke yake. Na kama ile ilitumaliza (sare ingetuacha na 23, Senegal 22), basi mechi za mwishoni zina uzito wake, jambo wanalolikana. Mechi ile ya Senegal ilikuwa ya nane kati ya kumi.

Kuhusu "bao moja ni aibu", waulizwe Nigeria, Kameruni na Burkina Faso, waliolingana kwa pointi 15 wakatenganishwa kwa mabao. Sisi hatukuulizwa.

Mwisho wanatuletea mchujo wa Rabat: bao la Mbemba wetu dhidi ya Kameruni katika dakika za nyongeza, kisha penalti dhidi ya Nigeria. Eti huko ndiko kulikoamua. Sawa. Naomba tu nielezwe Mbemba angefungaje bao lile akiwa anaitazama mechi kwenye televisheni.